Vifaa vya kuimarisha bega la mchezaji wa kriketi: anza na raba, chuma baadaye

Mpira wa kriketi wa wanaume una gramu 156 hadi 163 hivi. Uzito huo haulishindi bega. Kinacholichosha ni wingi wa marusho, na kazi ya kuusimamisha mkono baada ya mpira kutoka. Kazi hiyo ni ya misuli minne midogo inayokumbatia kiungo cha bega, ikisaidiwa na ile inayoshikilia kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Hizo ndizo breki, na wengi wetu tunakimbilia kununua injini. Orodha hii nimeianzia kwenye breki.

Nafasi ya kwanza: raba ya mazoezi, yaani utepe unaonyumbulika wa kuvuta kwa mkono. Husema rahisi ghali, lakini hapa methali imekosea. Chukua mbili: nyepesi ya kuzungusha mkono nje huku kiwiko kikibana ubavu, na ngumu zaidi ya kuvuta kuelekea kifuani. Nyepesi iwe ile unayoweza kuivuta mara 15 bila bega kupanda sikioni. Likipanda, umenunua ngumu mno. Napendelea raba bapa yenye umbo la pete ndefu. Zile za bomba zenye vishikio huchoka pale bomba linapoungana na kishikio; yangu ilikatika hapohapo na kunichapa mdomoni. Kabla ya kulipa, ivute kwenye mwanga utafute nyufa, na ukifika nyumbani usiianike juani. Pete fupi za kitambaa ziache, hizo ni za nyonga. Ukiifunga mlangoni, simama upande ambao kuvuta kwako kutazidi kuufunga mlango.

Ya pili: mpira mzito wa mazoezi (medicine ball). Huu ndio wa nguvu za ghafla, kwa mrushaji na kwa anayerudisha mpira kutoka mpakani mwa uwanja. Kilo 2 hadi 4 zinatosha wengi. Ukiubamiza ukutani nao unatoka polepole kama gunia, shuka uzito, kwa kuwa unachotafuta ni kasi. Angalia aina yake pia: wa raba unaodunda ni wa ukutani, ule laini uliojazwa mchanga haurudi, ni wa kupiga chini. Anayenunua mmoja tu achukue unaodunda.

Ya tatu: dambeli, vile vyuma vifupi vya kushika mkononi. Jozi ya kubadilisha uzito inaokoa nafasi, mradi kifungio chake kisilegee unapoitikisa na hatua za kuongeza ziwe ndogo. Hatua ya kilo 5 ni nyingi mno kwa bega. Zitumie zaidi kuvuta kuliko kusukuma.

Mashine ya kuvuta uzito kwa nyaya ni nzuri, lakini inakula chumba kizima. Kama klabu inayo, itumie hukohuko.

Ya mwisho: mipira ya kriketi iliyoongezwa uzito. Inavutia kwa sababu inafanana na mchezo wenyewe. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, kwa vijana wa besiboli waliorusha mipira iliyoongezwa uzito kwa wiki 6, ulionyesha kasi ikipanda huku asilimia 24 yao wakiumia. Besiboli si kriketi, najua, ila bega ni lilelile. Kwa mchezaji ambaye bado anakua, na asiye na kocha wa kumhesabia marusho, mimi siinunui.