Jiko la mkaa la kuchomea nyama, Weber la duara la sentimita 67, nyumbani, miaka miwili sasa: uzoefu wangu

Nianze na hela kabisa maana najua ndo swali la kwanza. Laki sita na nusu, mtumba, nililitoa Masaki, Dar, kwa familia moja ya Kizungu iliyokuwa inarudi kwao inauza kila kitu kuanzia friji mpaka vyungu vya maua. Wife alipoona lile dude linashushwa kwenye kirikuu akauliza hilo nalo ni simtanki au? Laki sita na nusu kwa jiko la mkaa, wakati jiko la mkaa kila mtu anajua linauzwa wapi na kwa bei gani na maharage linaivisha vizuri tu. Siku ile sikuwa na jibu nikajifanya nipo bize na kamba.

Kabla ya hili nilikuwa na lingine, dogo, duara vilevile, lina mfuniko, jipya kabisa kutoka dukani. Jina lake silitaji. Bati lake jembamba, ukiligonga na kucha linalia kama kopo la biskuti, na haikupita miezi minne rangi ya ndani ikaanza kubanduka inadondokea kwenye nyama, mguu mmoja ukapinda, ila kilichonimaliza ni mfuniko. Haukai. Upande mmoja umekaa, upande wa pili kidole kinapita. Mwanzoni nikaona kawaida tu, si moshi unatoka, na utoke. Kumbe kwenye majiko ya aina hii ule upenyo ndo ugonjwa wenyewe, kwa sababu moto wake unauendesha kwa hewa, kuna matundu chini na matundu juu, ukifungua joto linapanda ukibana linashuka, sasa hewa ikishapata njia ya panya pembeni wewe huna gia wala breki, unatazama tu nyama inavyoungua.

Kwa hiyo nilipoenda kule Masaki kabla hata ya kuongea bei nikafanya hivi: nikawasha tochi ya simu, nikaiweka ndani ya jiko, nikafunga matundu yote, nikafunika, tukalisukuma kwenye stoo na kuzima taa. Mwenye nyumba akabaki ananicheka. Mwanga ulionekana mstari mwembamba kama uzi upande wa mpini, basi, kwingine giza. Nikajua hapa kuna jiko. Ukienda kununua la mtumba fanya hivyo, usiangalie kutu ya miguu, miguu fundi anachomelea hata pale mtaani kwenu, mfuniko uliopigwa dafrao ukapinda hakuna fundi wa kuurudisha.

Lenyewe ni Weber, saizi ya inchi 26, kwa sentimita wanaandika 67. Wamarekani umbo hili wanaliita birika, mimi naona limekaa kama boya la bandarini, na kumbe ndo historia yake yenyewe. Jamaa anaitwa George Stephen alikuwa anafanya kazi Weber Brothers Metal Works, karakana ya Chicago iliyokuwa inatengeneza maboya, mwaka 1952 amechoka na jiko lake la wazi upepo unapuliza majivu kwenye nyama, akachukua boya akalikata, nusu akaipa miguu, nusu ya pili ikawa mfuniko. Ni hivyo tu. Miaka yote hiyo umbo ni lilelile.

Sasa kwa nini kubwa. Saizi wanayonunua watu wengi ni ya sentimita 57, na kwa familia ya watu wanne watano inatosha kabisa, sitaki kumdanganya mtu. Tofauti ya sentimita kumi kwa kusikia ni ndogo, ila hii ni duara, ukipiga hesabu ya eneo la wavu inakuja karibu asilimia 40 zaidi. Mimi nililitaka kubwa nikiwaza wageni, kwetu Jumapili wanaweza kutokea watu kumi na mbili hawajapiga hata simu. Nikawaza najaza nyama wavu mzima. Na hapo ndo nilipokosea, ukubwa wake sio wa kujaza nyama, ukubwa wake ni wa kuacha nusu nzima haina moto chini, nitaelezea.

Jumapili ya kwanza. Kilo sita za mbuzi, mbavu na mapaja, nimezipitia mwenyewe asubuhi machinjio ya Vingunguti. Shemeji zangu wawili wapo, baba mkwe yupo, kakaa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Mimi nikafanya kama tunavyofanya siku zote kwenye majiko yetu, nikamwaga mkaa chini kote kote, ukakolea ukawa mwekundu, nikapanga nyama mduara mzima hakuna hata pa kupitisha koleo. Dakika tano tu mafuta ya mbavu yakaanza kudondoka moto ukaruka juu ya wavu. Sasa mkono umeshazoea, moto ukiruka unanyunyizia maji. Nikachukua kikombe. Nikasikia "tah!" kama sahani imepasuka. Ile rangi nyeusi ya ndani sio rangi ya kupaka, ni enameli, imechomwa juu ya chuma kama zile sahani na vikombe vya zamani vya bibi, na enameli yenye moto mkali ukiimwagia maji ya baridi inabanduka. Kipande cha ukubwa wa shilingi mia kikaondoka na mpaka leo pale pana kutu. Kosa langu, jiko halina kosa.

Nikataharuki nikafunika. Moto ukalala, maana umekosa hewa, nikafunua kuangalia, hewa ikaingia ukaamka upya na hasira. Nikafunika. Nikafunua. Hiyo ya tatu au ya nne baba mkwe, ambaye ujanani amechoma nyama sana kwao Arusha, akaniita, "Baba, hebu njoo. Unachoma, ama unachungulia?" Shemeji mdogo akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Tulikula nyama nyeusi nje, ndani mbichi, na wakaisifia kwa heshima tu ya kuwa wakwe.

Baada ya hapo ndo nikatulia nikajifunza. Mkaa wote unaenda upande mmoja, nusu ya duara au hata theluthi, upande wa pili chini naweka trei ya foili ya kudakia mafuta na maji kidogo, nyama inakaa juu ya ile trei, mbali na moto. Mfuniko unafunikwa na yale matundu yake ya juu nayaelekeza upande wa nyama, ili joto na moshi vikitoka vipite kwanza kwenye nyama. Ukishafanya hivyo hilo sio jiko tena, ni oveni inayotumia mkaa. Na ndo maana nasema kubwa ni kubwa kwa ajili ya ile nusu tupu. Kwenye lile dogo langu la kwanza ukitenga pembeni unabaki na nafasi ya vipaja vitatu vya kuku, kwenye hili paja zima la mbuzi linalala na mfupa wake na kuku mzima anakaa jirani yake.

Paja la mbuzi ndo limeniweka hapa niandike. Kilo mbili na kitu, limelala usiku na kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na chumvi, sina makorokoro mengine. Matundu ya chini nafungua kama nusu, ya juu wazi yote, kipimo cha joto cha mfuniko kinasoma nyuzi 160 hivi za Sentigredi. Ila jua kwamba kipimo kile kinapima hewa ya juu kwenye kuba, sio pale nyama ilipolala, usikiamini kama maandiko. Nikishafunika sifunui dakika 45 za mwanzo. Kabisa. Naongeza vipande vichache vya mkaa kila baada ya kama saa hivi, nageuza mara moja, na yakipita masaa mawili na nusu nalihamishia juu ya moto wenyewe dakika chache kila upande lipate ule ukoko. Mara ya kwanza limetoka sawa nilipolikata mchuzi ulitiririka mpaka ukavuka ubao, nyama ya pembeni ya mfupa laini inaachia yenyewe, na kuna harufu ya moshi hadi ndani sio juu juu tu. Baba mkwe hakusema kitu. Aliomba kisu akajikatia mwenyewe, kwangu hiyo ni digrii.

Kuku wa kisasa ni rahisi zaidi, mzima wa kilo moja na nusu ni kama saa moja na robo hivi, nilinunua kile kipimo cha joto cha kuchomeka kwenye nyama, kidogo tu, kikisoma nyuzi 74 na kupanda kwenye paja namtoa. Wa kienyeji usijidanganye, mchemshe kwanza, hili jiko halifanyi miujiza. Samaki nusu kwa nusu, changu anatoka vizuri wavu ukiwa wa moto na umeupaka mafuta, vinginevyo ngozi yote inabaki chumani. Na mishkaki, kiukweli kabisa, usihangaike nayo humu. Mkaa uko mbali na wavu, mfuniko hauna kazi, lile jiko refu la bati la wauza mishkaki linalishinda hili kwa mbali, bado ninalo na natumia.

Mkaa. Hapa sisi tuna bahati na tuna balaa. Bahati ni kwamba mkaa wetu ni mkaa wa magogo, miti migumu, unawaka na moto mkali na majivu machache, wenzetu huko wananunua kwa kilo kwenye mfuko wenye picha. Balaa ni chenga. Juu ya gunia mkaa wa mabonge, chini nusu chenga, na chenga zikishuka zinaziba matundu ya chini moto unakufa katikati ya kazi, wewe unahisi jiko bovu. Mimi nachambua kwanza, makubwa pembeni, chenga zinaenda jiko la maharage. Msimu wa mvua mkaa ukiwa umelowa unarusha cheche kama fataki, nauanika. Kwa nyama ya muda mrefu siku hizi nachanganya na ule wa vifuu vya nazi uliokandamizwa, unawaka taratibu na haubadiliki badiliki.

Kuwasha: mafuta ya taa hapana, ukifunika ule mfuniko harufu yote inaingia kwenye nyama, na mifuko ya plastiki ndo usiseme. Nilienda Gerezani, ule mtaa wa Dar wa mafundi bati, fundi akanikunjia bomba la bati jeusi, urefu kama wa futi moja, chini lina wavu na matundu, pembeni mpini wa mbao. Nilimsisitiza asitumie bati la kuezekea maana lile lina zinki, likipata moto linatoa moshi mbaya. Mkaa unajaza juu, gazeti chini, kiberiti, dakika kumi na tano ishirini juu umeshapata majivu meupe, unamwaga. Hakuna kupepea. Hicho kidude cha elfu kumi na nane kimenisaidia kuliko vitu vyote vilivyokuja na jiko.

Ukimaliza unafunga matundu juu na chini, moto unakosa hewa unazima wenyewe, kesho unakuta mkaa uliobaki unautikisa majivu unautumia tena. Hapo ndo wife alianza kulielewa, kwa sababu gunia linakaa. Ila majivu msiyaamini. Nimewahi kuyatoa usiku wa siku ileile nikayamwaga kwenye dastibini ya plastiki, asubuhi dastibini imekaa kama keki iliyoanguka. Na mvua ikinyesha usilisukume sebuleni wala gereji ukafunga mlango, gesi ya mkaa inaua kimya kimya, haina harufu ya kukushtua.

Kingine ni upepo. Kwangu ni Kunduchi, kusi ikipuliza mwezi wa sita wa saba yale matundu ya chini nikiyaacha nusu kama kawaida joto linapanda mpaka 220 bila kuomba ruhusa, inabidi nibane yabaki upana wa kidole. Na chumvi ya bahari inakula wavu. Wa kwanza ulikufa baada ya mwaka na nusu, nikampa fundi wa kuchomelea kipimo akatengeneza mwingine wa stenlesi, mzito, mzuri kuliko wa mwanzo, gharama sitaji wife anasoma. Turubai lazima.

Kama nyumba yenu ni ya watu watatu na nyama ni mara moja kwa mwezi chukua la 57, hili litakula mkaa bure, duara kubwa ni hewa kubwa ya kupasha moto. Kama wageni wako ni kama wangu wewe tafuta kubwa, subiri msimu wa Wazungu kuhama, nenda na tochi.

Lile dogo la kwanza bado lipo nyuma ya nyumba, dada kalijaza udongo kapanda mchaichai. Linaota vizuri sana, yale matundu ya chini yanatoa maji.