Kamera mbili, zote megapikseli 20: uzoefu wangu na Canon 6D ya mtumba

Mama wa bi harusi aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaniuliza, "Mwanangu, mbona binti yangu huku hana nyusi?" Kweli hakuwa nazo. Ngozi imelainika kama ya sanamu la dukani, shela jeupe limejaa chenga za kijani na zambarau. Picha hiyohiyo kwenye kioo cha kamera ilipendeza, na kwenye WhatsApp watu waliisifia. Tulipoisafisha kwa ukubwa wa fremu ya ukutani ndipo aibu ikatoka.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuvuta mbali. Niliinunua mpya kwa sababu kwenye boksi waliandika megapikseli 20, yaani nukta milioni 20 za picha, kwa maandishi makubwa, na muuzaji akaapa kwamba hizo zinatosha hata bango la barabarani. Kumbe shida haikuwa idadi ya megapikseli: karatasi ya A4 ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi haihitaji hata megapikseli 9.

Sasa natumia Canon EOS 6D, kamera ya mwaka 2012, niliyoipata Kariakoo kwa milioni moja na laki mbili bila lenzi. Nayo ni megapikseli 20. Mwenzangu wa kazi alicheka: "Kaka, hela yote hiyo kwa ishirini zilezile?"

Tofauti iko kwenye sensa. Siyo ile ya watu na makazi. Ni kile kibamba nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Cha 6D ni milimita 36 kwa 24. Cha kamera yangu ya kwanza hakikufika hata 7 kwa 5, kwa hiyo kinaingia mara 30 hivi ndani ya hiki. Sasa zibanze nukta milioni 20 humo: kila moja inaambulia mwanga kiduchu. Usiku ukumbini kamera inalazimika kuikuza ishara hafifu, na chenga zinakuzwa nayo. Halafu programu ya ndani inazipiga pasi chenga hizo, na nyusi za watoto wa watu zinaondoka nazo. Mchana juani shida hiyo huioni. Mdogo wangu anaitumia ile ndogo kupiga mashua pwani na anaringa nayo.

Kwa 6D napiga ISO (kiwango cha kuikuza ishara ya mwanga) 3200 bila wasiwasi, na 6400 MC akiagiza taa zizimwe. Chenga zipo, ila ni laini, na suka za nywele zinahesabika. Lenzi niliyofunga ni 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), ya bei ya chini kabisa kati ya vitu nilivyonunua, na ndiyo iliyobadilisha picha zangu kuliko kitu kingine. Ila usiifungue mpaka mwisho ukipiga wawili: bi harusi atatoka wembe, bwana harusi nyuma yake kidogo amekuwa ukungu. Nabaki f/2.8 au f/4.

Jambo jingine halikuwa kosa la kamera. Shela jeupe likijaa kwenye fremu, kipimo cha mwanga kinadhani kuna mwanga mwingi, kinaitia picha giza, na mtu mweusi wa rangi yetu anageuka kivuli. Naongeza mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili, na napiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili nikirudi nyumbani niwe na pa kurekebishia. Hapo nina lawama: ukizing'arisha sana sehemu za giza kwenye kompyuta, 6D inatoa chenga hata kwa ISO ya chini.

Kabla ya kulipa nilipiga ukuta mweupe kwa f/16 kutafuta vumbi kwenye sensa, kisha nikafunika lenzi na kupiga giza tupu kwa ISO kubwa kutafuta nukta mbovu zinazowaka gizani. Picha zote nilizitazama kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, asilimia 100. Muuzaji alinuna. Shauri yake.

Kero zilizobaki: vituo vya fokasi ni 11 tu, na ninachokiamini gizani ni cha katikati peke yake. Pia ina tundu moja la kadi ya kuhifadhia picha, na kadi ikifa harusi imekufa nayo. Kwa hiyo kabla watu hawajaanza kupanga foleni ya chakula, natoa kadi, naitia mfuko wa shati, naweka nyingine.