Mahali pa kuwekea vichezeo katika nyumba ya chumba na sebule: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kiachwe dukani

Familia nyingi zinazopanga chumba na sebule, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, hazina chumba cha watoto. Mtoto huchezea pale pale wazazi wanapolala, wanapokula na wanapopokea wageni, kwa hiyo chombo chochote cha kuwekea vichezeo vyake kinagombea nafasi na kochi, meza, jiko la gesi na ndoo za maji. Mwongozo huu ni wa nyumba za namna hiyo. Unavipanga vyombo vinavyopatikana madukani, sokoni na kwa mafundi, kuanzia kile kinachostahili kutangulia hadi kile ambacho nisingemshauri mzazi yeyote kukinunua. Kipimo nilichotumia ni kimoja: je, mtoto wa miaka mitatu anaweza kukifikia chombo hicho, kutoa anachokitaka na kukirudisha mwenyewe bila kuumia na bila kumwita mtu mzima? Chombo kinachoshindwa hapo huwa kazi ya mama au ya dada wa nyumbani kila jioni, na haupiti muda vichezeo vinarudi kulala sakafuni.

Kabla ya kutoa fedha, chukua utepe wa kupimia na uanze na uvungu wa kitanda. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinafunika futi za mraba 24, na katika chumba cha futi 10 kwa 10 hiyo ni karibu robo ya sakafu yote ambayo mara nyingi imejaa viatu vibovu na mabegi yasiyofunguliwa. Pima kimo kutoka sakafuni hadi kwenye ubao wa chini kabisa wa kitanda, si hadi kwenye godoro, kisha pima upana ulio wazi kati ya miguu ya kitanda kwa upande ambao haujagusa ukuta. Ukishapata namba hizo ziandike, kwa sababu dukani kila boksi huonekana dogo.

Jambo la pili ni kupunguza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto wadogo 36, ambao kila mmoja alicheza mara moja akiwa na vichezeo 4 na mara nyingine akiwa na vichezeo 16. Vilipokuwa vichache, watoto walikaa na kichezeo kimoja kwa muda mrefu zaidi na walikichezea kwa namna nyingi zaidi. Kwa mzazi mwenye chumba kimoja hii ni habari njema, kwani si lazima vyombo anavyonunua vitoshe vichezeo vyote kwa wakati mmoja. Sehemu ndogo ikae mahali pa wazi, nyingine ifungwe na kuwekwa mbali, kisha zibadilishane kila baada ya wiki kadhaa. Kwa akiba hiyo huhitaji kununua kitu kipya, maana begi la shangazi kaja ulilonalo juu ya kabati linatosha.

Nafasi ya kwanza: maboksi mapana ya plastiki yanayoingia uvunguni

Chombo hiki ndicho kinachorudisha thamani ya fedha upesi zaidi, kwa kuwa hakichukui hata hatua moja ya sakafu iliyokuwa ikitumika. Tafuta boksi pana na fupi, lenye kuta angavu zinazoonyesha kilichomo. Mtoto asiyejua kusoma hutambua magari yake kwa kuyaona, na boksi lisiloonyesha ndani humlazimisha amwage kila kitu ili atafute kimoja. Maboksi mawili au matatu ya wastani ni bora kuliko moja kubwa, kwanza kwa sababu mtoto anaweza kuvuta dogo likiwa limejaa, na pili kwa sababu matofali ya kujengea, vyombo vya kupikapika na wanasesere vikichanganywa pamoja hakuna kinachochezewa sawasawa.

Ubora wa plastiki unastahili dakika chache za ukaguzi. Geuza boksi utazame chini yake, kwani mengi yana pembetatu ya mishale yenye namba katikati. Namba 5 ni polipropileni, plastiki inayopinda kidogo bila kuvunjika, ambayo vishikizo vyake hustahimili kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Namba 6 ni polistaireni, ambayo ikiwa angavu hung'aa kama kioo na kuvutia macho dukani, lakini ikiangushwa hupasuka na kuacha kingo zinazokata. Kama hakuna namba, bonyeza ukuta wa boksi kwa dole gumba: ukiinama na kurudi, nunua, ukitoa mlio wa kutaka kupasuka, liache. Pitisha pia kidole kwenye ukingo wa juu, kwa sababu mabaki makali ya kiwandani yasiyokwanguliwa ndiyo yanayokwaruza mikono ya watoto.

Kuhusu mfuniko, ninapendelea ule unaokaa tu juu ya boksi kuliko ule wa kubana kwa vishikizo vigumu viwili. Wauzaji husifu ule wa kubana kwamba hauingizi vumbi wala mende, na wanasema kweli, lakini vidole vya mtoto havina nguvu ya kuufungua, na hapo tumeanguka katika kipimo chetu cha mwanzo. Uamuzi unaweza kubadilika kwa familia inayokaa mabondeni, ambako maji ya mvua za masika kati ya Machi na Mei huingia ndani. Huko boksi linalobana vizuri ni ulinzi wa kweli, na mzazi atalifungua mwenyewe.

Maboksi yenye magurudumu hutoka uvunguni kwa urahisi juu ya vigae au saruji, ila hukwama kwenye mkeka na zulia, na magurudumu yenyewe huongeza kimo, kwa hiyo pima ukiyahesabu. Usifunge kamba ndefu ili mtoto avutie boksi, kwani kamba inaweza kumzunguka shingoni. Tena, usifungie ndani ya boksi kichezeo chenye unyevu. Hewa ya pwani ina maji mengi, na mwanasesere wa kitambaa aliyefuliwa na kufungiwa kabla hajakauka huota ukungu. Mfuko laini wa nailoni uliofungiwa boksi jipya uutupe siku hiyo hiyo mahali ambapo mtoto hatauokota, kwa kuwa ukimfunika uso humziba pumzi.

Nafasi ya pili: vikapu vya kusukwa

Kwa mipira, wanasesere wa kitambaa na magari makubwa, sijaona chombo kinachoshinda kikapu kipana kisicho na mfuniko. Vikapu vya ukili vinavyosukwa pwani na visiwani, na vile vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu, ni vyepesi, havina pembe za kumgonga mtoto anayekimbia, na vinaweza kukaa sebuleni mbele ya mgeni bila kuonekana kama vyombo vya stoo. Mtoto anayejifunza kutembea huweza kutupia kitu ndani akiwa amesimama, na kurudisha kwa namna hiyo hugeuka kuwa sehemu ya mchezo.

Unaponunua, simamisha kikapu kikiwa kitupu ukisukume kwa mkono. Kinachojikunja au kuyumba kitalala chali siku ya kwanza. Chagua kitako kipana kuliko mdomo, au angalau kilicho sawa nao. Kagua miisho ya ukili mahali ilipofichwa, kwa maana ncha zilizotokeza huchoma, na mtoto wa miezi tisa atazitafuna. Vipini viwe vifupi. Kasoro ya kikapu ni kwamba vitu vidogo hupenya au huzama chini, na kikilowa bila kuanikwa hunuka, hivyo kikung'ute na kukianika juani mara kwa mara.

Nafasi ya tatu: rafu fupi ya fundi seremala

Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma, tarehe 6 Januari 1907, alikuwa akiwahudumia watoto wa familia maskini za mtaa wa San Lorenzo. Katika njia yake ya kufundisha, vifaa hukaa kwenye rafu fupi zilizo wazi ambazo mtoto huzifikia mwenyewe na kurudisha kila kitu mahali pake. Fikra hiyo inaingia hata katika sebule ndogo, mradi rafu iwe ya ngazi mbili tu na kina cha kama sentimita 30, ili juu yake paweze kukaa redio au vitabu.

Ninapendekeza kumwendea fundi kuliko kununua rafu iliyokwisha kuundwa, kwa sababu fundi wa Keko au wa mtaani kwako ataikata kulingana na nafasi kati ya kochi na ukuta, ilhali ya dukani itakuachia pengo lisilofaa kitu. Mweleze mambo matatu bila haya: kingo zote zipigwe msasa hadi ziwe mviringo, ubao uwe plaiwudi au mbao halisi, na vanishi ikaukie kwake hadi harufu iishe kabla rafu haijaingia katika chumba mnacholala. Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi ni rahisi kwa bei, lakini ukipigiwa deki kila siku miguu yake hunyonya maji, huvimba na kumeguka. Kama mwenye nyumba anaruhusu, rafu ifungwe ukutani kwa skrubu. Kama hakubali kutobolewa ukuta, ifanye iwe fupi zaidi na pana zaidi.

Rafu imeshika nafasi ya tatu kwa sababu inachukua sakafu na haihamishiki kirahisi mnapohama nyumba, jambo ambalo wapangaji wanalijua vyema.

Vyombo vya kununua kwa uangalifu

Kabati la plastiki la droo linapendwa, na kwa kalamu za rangi, karatasi na vipande vya mafumbo linafaa. Hofu yangu ni kuanguka. Mtoto huvuta droo zote, kisha hupanda juu yake kama ngazi, na uzito wote unakuja mbele. Hatari hii si ya plastiki peke yake: mwezi Juni 2016 kampuni ya IKEA iliitisha kurudishwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Ukilinunua, chagua la droo tatu badala ya tano, weka vitu vizito droo ya chini, na ulifunge ukutani ikiwezekana.

Mifuko ya kuning'iniza nyuma ya mlango hutumia nafasi iliyokuwa bure na bei yake ni ndogo. Iwekee vitu ambavyo mzazi ndiye anayevitoa: gundi, mikasi ya karatasi, rangi za maji. Mtoto haifikii, na hapo hiyo ndiyo faida yake.

Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko ni chaguo la wengi kwa kuwa tayari imo ndani. Iliyokuwa na mafuta ya kula, ikioshwa kwa maji ya moto na sabuni, haina tatizo. Iliyokuwa na rangi au kemikali isitumike kabisa. Hata hivyo ninaiweka chini katika orodha kwa sababu siku maji yakikatika ndoo hiyo hurudia kazi yake ya kuhifadhi maji, na mtoto aliyezoea kuinamia ndani yake kutafuta gari lake anaweza kutumbukia kichwa na kuzama.

Kwa chombo chochote utakachochagua, nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu inahitaji boksi moja dogo la kufunga kwa nguvu, litakalokaa juu kabisa. Humo viingie vitu vidogo vya kaka na dada zake. Viwango vya Marekani hupima hatari ya kupaliwa kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, nyumbani tumia kiini cha karatasi ya chooni, ambacho ni kipana kidogo zaidi, na kila kinachopita ndani yake kihesabu kuwa hatari. Betri za duara zilizo ndogo kama kitufe zisiwekwe na vichezeo hata kidogo, kwa sababu ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani vibaya ndani ya saa mbili.

Nafasi ya mwisho: sanduku kubwa la mbao lenye mfuniko wa bawaba

Sanduku hili hupendeza, hugeuka kuwa kiti, na mafundi hulichonga kwa ustadi mkubwa. Sishauri linunuliwe. Mfuniko mzito humwangukia mtoto shingoni au vidoleni akiwa ameinama, na mtoto anayecheza kujificha anaweza kuingia, ukajifunga, akakosa hewa. Kwa sababu hizo viwango vya Marekani vya masanduku ya vichezeo hudai mfuniko ubaki pale ulipoachwa bila kuanguka, na sanduku liwe na matundu ya hewa yasiyozibwa hata likisogezwa ukutani. Masanduku mengi ya fundi hayana kimojawapo. Zaidi ya hapo, kina chake humeza vichezeo, na vya chini havionekani tena hadi siku ya kuhama.

Kama tayari unalo na hutaki kulitupa, fungua skrubu za bawaba uondoe mfuniko, mwombe fundi alipunguze kimo hadi litoshe uvunguni, na ubao uliobaki autumie kutengeneza ngazi ya juu ya ile rafu fupi.