Nilivyozungushwa mtaa wa masonara, Birmingham

Nilikwenda Birmingham kutafuta pete ya harusi, na shemeji yangu anayeishi huko akanihimiza nilipie kwanza matembezi ya kuongozwa katika Jewellery Quarter, mtaa wa masonara. Kutoka Snow Hill, stesheni ya katikati ya jiji, ni kituo kimoja tu kwa treni.

Ukitaka kuuelewa mtaa huu, anzia kwenye saa ya chuma iliyo njiapanda ya Vyse Street, Frederick Street na Warstone Lane. Ilijengwa 1903 kwa heshima ya Joseph Chamberlain, mwenye kiwanda cha skrubu aliyekuwa meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876, akazinunua kampuni za gesi na maji zikawa mali ya jiji. Masonara walikuwa na sababu yao ya kumpenda: aliwapigania hadi ushuru wa vyombo vya dhahabu na fedha ukafutwa 1890. Kiongozi wetu alilieleza hilo kwa ufundi mkubwa.

Kisha akasema saa ni ukumbusho wa safari ya Chamberlain ya Afrika Kusini, kundi likaanza kusogea. Mimi sikuweza kuondoka. Safari hiyo ilipita kwetu! Desemba 1902 Chamberlain, wakati huo Waziri wa Makoloni, alishuka Mombasa akapanda reli ya Uganda kwenda bara. Mwaka uliofuata akampendekezea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe), ardhi ya Afrika Mashariki iwe makazi ya Wayahudi, na eneo lililokuja kuchaguliwa ni Uasin Gishu. Mimi ni mzaliwa wa Eldoret. Wazayuni wenyewe waliukataa mpango huo 1905. Wenyeji wa nyanda zile hawakuulizwa chochote.

Nilimweleza kiongozi. Hakuwa na habari, lakini alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba nirudie mbele ya wote. Kwa hilo namheshimu, ingawa kwa matembezi ya kulipia kisa hiki kilistahili kuwemo tangu mwanzo. Nimetoa nyota nne.

Tulimalizia makaburi ya Key Hill, hatua chache tu, alikozikwa Chamberlain 1914. Familia yake ilikataa azikwe Westminster Abbey, kanisa la London wanamozikwa watu mashuhuri, akaletwa hapa karibu na masonara wake. Vaeni viatu vya kukanyagia tope. Pete nilipata baadaye Vyse Street, na fundi aliipunguza ikanitosha siku ileile.