Vichujio vya komenti kwa wanawake wanasiasa: YouTube mbele, X inaburuta mkia

Mitandao yote mikubwa ina kichujio cha komenti, na ni cha bure. Timu nyingi za kampeni hukiwasha siku ya kwanza zikakisahau. Kwa mgombea mwanamume pengine hilo linatosha. Mgombea mwanamke hatukanwi kwa sera zake tu. Hutukanwa kwa mwili wake, ndoa yake na nani analala naye, na katikati ya matusi hayo hujificha vitisho vya kweli. Umoja wa Mabunge Duniani (IPU) ulihoji wabunge wanawake 55 wa nchi 39 mwaka 2016. Asilimia 81.8 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kisaikolojia, na asilimia 44.4 walikuwa wametishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa wakiwa wabunge.

Kwa hiyo hapa kichujio kinapimwa kwa kazi mbili: je, kinaondoa uchafu mbele ya macho ya watu, na je, kinabakiza ushahidi? Kinachofanya moja tu kati ya hizo ni nusu ya chombo.

Tuanze na Facebook, maana ndiko orodha ya maneno ya kuzuia inakotengenezwa. Ukurasa unaruhusu maneno hadi 1,000 ya lugha yoyote, yaliyotenganishwa kwa koma. Komenti yenye neno lililozuiwa hufichwa, lakini aliyeiandika na marafiki zake wanaendelea kuiona. Uzuri wake ni kwamba hajui kama amefichwa, kwa hiyo harudi na akaunti nyingine. Ubaya wake ni kwamba kwenye kundi la marafiki zake tusi bado linatembea.

Kosa kubwa la timu ni kuweka neno moja moja kama lilivyo kwenye kamusi. Kiswahili hakitukani hivyo. Ukizuia "kahaba", usitegemee kwamba "makahaba", "ukahaba", "kikahaba" na "likahaba" nazo zitanaswa. Mtandao unajitahidi kubaini herufi zilizobadilishwa kuwa namba au alama, lakini viambishi vyetu ni habari nyingine. Andika maumbo yote. Mizizi 15 kwa maumbo sita ni maneno 90, hata robo ya nafasi hujafika. Kisha weka vifungu vya maneno mawili matatu: "rudi jikoni", "kalee watoto", "nyumba ndogo ya". Vifungu ni salama kuliko neno moja, kwa sababu vinagusa watu wachache wasiohusika. Usisahau emoji, nyoka na bilinganya hufanya kazi ya sentensi nzima.

Baada ya hapo jaribu. Fungua akaunti isiyo na urafiki na ukurasa, andika kila umbo chini ya chapisho la zamani, kisha uangalie kwa akaunti ya tatu ni lipi limepita. Ukiangalia kwa akaunti ileile iliyoandika utaona kila kitu kipo na utadhani kichujio ni kibovu.

Yapo pia maneno ambayo hayapaswi kuingia kwenye orodha. "Mume", "ndoa", "watoto" na "mwanamke" yakizuiwa, mama anayeuliza kuhusu ada za watoto naye anafichwa. "Fisadi", "mwizi" na "ajiuzulu" yasiingie kabisa. Hayo ni maneno ya siasa, na mwanasiasa anayeyaficha kwa kisingizio cha kujikinga na udhalilishaji anawapa wapinzani wake hoja ya bure. Kuna nchi ambako jambo hilo linaweza hata kufika mahakamani: Mahakama Kuu ya Marekani mwezi Machi 2024, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed, iliweka kipimo cha lini kiongozi anayezuia watu kwenye ukurasa wake anahesabika kuwa ametenda kwa niaba ya serikali. Tenganisha ukurasa wa ofisi na ukurasa binafsi mapema.

YouTube ndiyo iliyofanya kazi hii vizuri zaidi. Komenti yenye neno lililozuiwa haifichwi nusunusu. Inashikiliwa isubiri ukaguzi, na hakuna mtazamaji anayeiona mpaka uikubali. Kwenye mazungumzo ya mubashara ujumbe wa namna hiyo unazuiwa papo hapo, jambo ambalo ni mkombozi wakati wa mdahalo. Unaweza pia kushikilia komenti zote kwa saa chache kisha ukalegeza. Tahadhari ni moja, na ni nzito: komenti iliyoshikiliwa hukaa hadi siku 60 tu. Timu inayofungua foleni baada ya uchaguzi itakuta vitisho vya mwanzo wa kampeni vimeshatoweka.

Instagram inashinda kwenye meseji za faragha, na huko ndiko picha za utupu na vitisho vya kubaka vinakopenda kupita. Kipengele chake cha maneno yaliyofichwa, kilichotangazwa Aprili 2021, hupeleka maombi ya meseji (meseji za watu usiowafuata) yenye maneno uliyoyaorodhesha kwenye folda ya pembeni, kwa hiyo mhusika hakutani nayo asubuhi akifungua simu. Mwaka huohuo kikaja kipengele cha kuweka mipaka: kwa muda unaochagua, komenti na maombi ya meseji ya watu wasiokufuata, au walioanza kukufuata juzijuzi, yanafichwa. Kiwashe kabla ya mdahalo wa televisheni. Ukisubiri wimbi lifike, umechelewa. Folda ya pembeni aikague mtu mwingine, si mgombea mwenyewe, na wawe wawili wanaopokezana. Kazi ya kusoma uchafu huo kutwa inachosha vibaya.

X ni ya mwisho, na kwa mbali. Kunyamazisha neno kunalificha mbele ya macho yako wewe tu. Dunia nzima inaendelea kusoma. Jibu ulilolificha yeyote anaweza kulifungua kwa kubonyeza alama. Tangu Novemba 2024, hata uliyemfungia anaweza kusoma machapisho yako ya wazi. Kinachofaa ni kuchagua nani anaweza kujibu, basi.

Kuna tundu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliziba. "Shikamoo mama. Watoto umewaachia nani saa hizi?" Hakuna neno la kuzuia hapo, kuna adabu tele, na swali hilo haulizwi mgombea mwanamume. Tarehe 28 Machi 2017 gazeti la Daily Mail la Uingereza liliweka ukurasa wa mbele picha ya Theresa May, waziri mkuu wa nchi hiyo wakati huo, na Nicola Sturgeon, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Scotland, wakiwa wameketi, na kichwa cha habari kikashindanisha miguu yao. Kichujio chochote kingeupitisha ukurasa ule. Komenti za aina hii ziachwe zilipo. Timu ijibu mara moja kwa jambo la sera, ibandike jibu hilo juu, isirudi tena. Picha zilizochezewa zenye maandishi ndani yake nazo hupita kirahisi, kwa hiyo kama mtandao unaruhusu kuzuia picha kwenye komenti, zuia kipindi chote cha kampeni.

Kuhusu ushahidi, vichujio vyote vina kasoro moja: kitufe cha kufuta kiko karibu mno. Tusi la kawaida lifichwe na kuachwa. Tishio la kuua au kubaka, au komenti inayotaja nyumba au shule ya watoto, isifutwe kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, nakili kiungo cha komenti na kiungo cha wasifu wa mwandishi, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja, hifadhi nje ya simu ya mgombea, ripoti kwa mtandao na polisi, ndipo ufiche. Ukimfungia mtu kabla ya kunakili viungo, kwenye mtandao kama Facebook wewe mwenyewe hutaweza tena kufungua wasifu wake.

Orodha ya maneno ipitiwe kila wiki. Neno ambalo limenasa wafuasi wako tu, si watukanaji, litolewe, na tusi jipya lililozuka kwenye mkutano wa jana liingie siku hiyohiyo, na maumbo yake yote.