Makasha ya soketi ya bei nafuu Mwanza: angalia namba zisizokuwemo

Makasha ya spana na soketi yanayouzwa kwenye hadiwea za Mwanza, iwe katikati ya mji, Buzuruga au Igoma, mengi ni ya aina tatu. Kuna kasha dogo la vipande 46, lenye racheti (mkono wa kuzungushia soketi) ya robo inchi, yaani upana wa kichwa chake cha mraba kinachoingia kwenye soketi. Kuna la vipande 24, la nusu inchi, zito mkononi. Na kuna lile kubwa la vipande 108, ambalo muuzaji hulifungua la kwanza kwa sababu linavutia macho. Majina ya juu ya kifuniko hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, ila mpangilio wa ndani ni karibu uleule. Ndiyo maana tathmini hii inafuata aina, haifuati jina.

Chuma chenyewe si kibaya kama wengi wanavyosema. Mtu anayefungua gari lake nyumbani siku za mapumziko anaweza kukaa na soketi hizi miaka kadhaa. Kinachomkwamisha ni namba (saizi ya soketi kwa milimita) iliyorukwa, na huigundua gari likiwa limeshapandishwa kwenye jeki na duka limeshafungwa.

Kwanza lijue gari lako. Magari mengi ya hapa ni ya Kijapani, na Wajapani huweka kichwa cha bolti kidogo kuliko Wazungu kwa uzi wa unene uleule. Bolti ya uzi wa milimita 6 ina kichwa namba 10 kwa wote. Ikifika uzi wa 8, ya Kijapani ni namba 12 na ya Ulaya ni 13. Uzi wa 10, Mjapani anaweka 14, Mzungu 16, na kwenye za zamani 17. Uzi wa 12, Mjapani 17, Mzungu 18 au 19. Kwa hiyo kwenye Vitz, IST, Corolla au Noah kazi karibu zote zinaisha kwa 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Ukikutana na namba 13 kwenye Toyota, mara nyingi ni bolti ya hadiwea iliyowekwa na fundi aliyekutangulia baada ya kupoteza ile ya asili. Sasa chukua orodha hiyo ya namba saba, uilinganishe na kasha lililo mbele yako. Achana na tarakimu kubwa ya kifunikoni, kwa sababu kila biti ya bisibisi na kila ufunguo mdogo wa L umehesabiwa humo kama kipande kamili.

Kasha la vipande 46 lina soketi 13 tu, kwa kawaida kuanzia 4 hadi 14. Zilizobaki ni biti, ekstensheni fupi (fimbo ya kurefusha kati ya racheti na soketi), mkono wa T na kiungo cha kukunja. Kwa kazi ndogo ni kasha zuri: kufungua betri, kava la filta ya hewa, koili za plagi, taa, vifuniko vya plastiki, na bolti nyingi ndogo za pikipiki. Tatizo ni kwamba namba 12 na 14 zimo, na mtu anaona kwamba basi anaweza kufungulia chochote cha namba hizo. Hawezi. Racheti ya robo inchi ina meno madogo ndani. Ukiiweka kwenye bolti ya 14 iliyokamata kutu ukaichomekea bomba, meno yanaruka, unasikia mlio mkavu, na kuanzia hapo racheti itakuwa inateleza hata kwenye bolti nyepesi. Namba 17, 19 na 21 hazimo kabisa, kwa hiyo kasha hili peke yake haliwezi hata kubadilisha tairi.

La vipande 24 la nusu inchi ndilo tunalolipendekeza kwa mtu mwenye gari. Mara nyingi lina soketi 10 hadi 24 mfululizo, kisha 27, 30 na 32, pamoja na racheti, mkono wa T, kiungo cha kukunja na ekstensheni mbili. Halina namba 8, na hilo ni pengo dogo linalozibwa na spana moja. Pengo kubwa ni soketi ndefu. Zote zilizomo ni fupi, na soketi fupi haifiki nati pale ambapo bolti imechomoza nje sana, kwa mfano kwenye vishikio vya eksozi. Soketi inagota kwenye ncha ya bolti kabla haijaishika nati vizuri, unavuta, inateleza, na kona za nati zinaliwa. Nunua ndefu tatu za rejareja: 12, 14 na 17.

Namba 30 iliyomo kwenye kasha hili huwadanganya wengi. Nati ya ekseli ya mbele ya Corolla na ndugu zake nyingi ni 30 kweli, lakini ina pembe 12, na soketi nyingi za kasha zina pembe 6. Haiingii. Hata ikiwa ya pembe 12, nati hiyo hukazwa zaidi ya nyutoni-mita 200 (kipimo cha nguvu ya kukaza), na mkono wa T wa kasha hauwezi kuhimili. Pia ukingo wake umegongwa kuingia kwenye mfereji wa ekseli, na lazima uinuliwe kwanza kwa patasi nyembamba, la sivyo unaondoka na uzi wa ekseli.

Nati za tairi nazo zina hesabu yake. Toyota nyingi ndogo hukazwa nyutoni-mita 103. Kwa racheti ya sentimita 25 hiyo ni kama kuvuta uzito wa kilo 42, na kwa mkono wa sentimita 50 ni kilo 21. Hapo ni kukaza tu. Nati iliyokaa msimu mzima wa mvua inataka zaidi kuifungua. Makasha yote matatu hayana mkono mrefu usio na racheti, na hilo ndilo pengo linaloua racheti nyingi. Mkono wa nusu inchi wenye urefu wa sentimita 45 hadi 60 unauzwa peke yake. Ununue siku hiyohiyo unaponunua kasha. Legeza kwa mkono huo, halafu malizia kwa racheti.

Kasha la 108 lina sifa zake. Lina racheti mbili, ya robo na ya nusu inchi, lina soketi ndefu, na lina soketi za plagi namba 16 na 21. Lakini lifungue uangalie ndefu za nusu inchi: nyingi ni 14, 15, 17, 19 na 22. Namba 21, ambayo ndiyo ya nati ya tairi ya Toyota, haimo kwenye ndefu. Hapo ndipo mtu anapoichukua ile 21 ya plagi, kwa kuwa ni ndefu na inaingia vizuri. Usifanye hivyo. Ukuta wake ni mwembamba, umetengenezwa kwa nguvu ndogo ya plagi, na ukivuta nati ya tairi unapasuka kwa urefu. Na ukiweka 22 kwenye nati ya 21, kona zinaisha.

Pengo la pili la 108 ni racheti ya katikati, ile ya tatu kwa nane. Kati ya robo inchi ambayo ni dhaifu kwa 14, na nusu inchi ambayo kichwa chake ni kinene hakipenyi nyuma ya altaneta, kuna kazi nyingi sana za 12 na 14 zinazobaki hazina chombo. Ukiwa na fedha ya kuongeza kidogo tu, ongeza racheti ya tatu kwa nane, ekstensheni ya sentimita 15, na soketi 10, 12, 14 na 17 za kwake. Ukivinunua kimoja kimoja, hapo unayo seti ya kazi za kila siku.

Plagi nazo zinahitaji uangalifu. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na Vitz nyingi ina koili nne, kila moja imeshikwa na bolti moja ya namba 10, na chini yake plagi ya namba 16. Puliza vumbi kabla ya kutoa plagi, kwa sababu mchanga wa barabara za huku ukiangukia silinda unakwangua. Injini iwe imepoa. Soketi ya plagi ya kasha ina mpira ndani wa kushika plagi, na mpira huo kwenye za bei nafuu hubaki juu ya plagi soketi inapotoka. Yenye sumaku ni bora. Kwenye kurudisha, zungusha kwa vidole ukishika ekstensheni tupu bila racheti, mpaka plagi iguse chini. Plagi mpya yenye washa (pete ya chuma ya kuziba) inaongezwa nusu mzunguko tu baada ya kugusa. Injini mpya zaidi zimehamia plagi ya namba 14 yenye tundu jembamba, na soketi ndefu ya kawaida ya 14 huwa nene mno kuingia. Inatakiwa ile ya ukuta mwembamba, na haimo kwenye kasha lolote kati ya haya matatu.

Spana nazo. Seti ya spana 8 zenye midomo pande mbili huja kwa jozi: 6 na 7, 8 na 9, 10 na 11, 12 na 13, 14 na 15, 16 na 17, 18 na 19, 20 na 22. Tazama tena: 21 haimo, na kila namba ipo mara moja. Bolti ya 12 yenye nati ya 12 upande wa pili inataka spana mbili za 12, au spana na soketi. Mdomo pia unashika kona mbili tu, ndiyo maana nati ya kumwagia mafuta ya injini, ambayo kwenye Toyota nyingi ni 14, inaliwa mapema ikifunguliwa kwa mdomo. Chukua za kombinesheni, mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, na ununue 10, 12 na 14 mbili mbili. Spana malaya isiguse nati ya mafuta hata siku moja.

Nati ya paipu ya breki ni namba 10 na ni laini. Mdomo wa kawaida unaivua kona mara ya kwanza, na ringi haipiti kwa sababu ya paipu. Ipo spana ya ringi iliyokatwa upenyo wa kupitisha paipu. Seti za nafuu hazinayo, na bila hiyo mwachie fundi kazi ya paipu za breki.

Dukani, usinunue kasha lililofungwa kwa nailoni bila kufunguliwa. Nenda na bolti tatu mfukoni, za 10, 12 na 14, ukazijaribu. Soketi nzuri inaingia bila kulazimishwa na inacheza kidogo sana. Ikizunguka hovyo kabla ya kushika, iache. Chungulia ndani kutoka upande wa tundu la mraba: unene wa ukuta uwe sawa pande zote. Ukiona upande mmoja mwembamba, tundu lilitobolewa nje ya katikati, na hapo ndipo soketi itapasukia. Maandishi ya kromu vanadiamu ubavuni hayathibitishi kitu, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuyagonga. Zungusha racheti pande zote mbili polepole karibu na sikio. Yenye meno 72 inasogea digrii 5 kwa kila mlio, ya meno 24 digrii 15. Ya meno mengi inafaa sehemu finyu, ila kwenye za bei nafuu meno hayo ni membamba na huruka mapema. Kwa nusu inchi tunachagua ya meno machache.

Soketi za kung'aa zisitumike kwenye mashine ya upepo. Zile nyeusi ndizo za mashine.

Unyevu wa ziwa haubebi chumvi, ila unakula kromu nyembamba haraka, hasa ndani ya soketi ambako haikupakwa vizuri. Sanduku likikaa karibu na maji, Kirumba Mwaloni au Igogo, pangusa vifaa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya injini kila baada ya kazi, na usifunge kasha vifaa vikiwa vibichi. Racheti ina skrubu ndogo mgongoni. Ifungue, safisha meno kwa petroli, paka grisi nyepesi. Grisi nzito huganda na kufanya kijino kishindwe kurudi, na wengi huitupa racheti wakidhani imekufa.

Kwa wenye mitumbwi ya injini: Yamaha zinatumia milimita, na plagi zake nyingi za zamani ni namba 21, kwa hiyo soketi ya plagi ya kasha la 108 inafaa. Mercury na mashine za zamani za Kiingereza kama Perkins zina sehemu za inchi. Namba 19 inaingia vizuri kwenye robo tatu inchi na 8 kwenye tano kwa kumi na sita, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na 13 itacheza juu yake mpaka iile kona. Kwa injini hizo nunua soketi za inchi unazozihitaji, moja moja, ukishapima nati zako kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana).