Mlezi wa wageni Wikipedia: huduma inamfaa kiasi gani anayejifunza uhariri wa lugha?

Anayefungua akaunti Wikipedia siku hizi hapokelewi kwa salamu na rundo la viungo vya kanuni tu. Akibofya jina lake juu ya ukurasa anafika kwenye ukurasa wa mwanzo wa mgeni. Humo kuna kazi zinazopendekezwa, na kando yake, kwenye Wikipedia zenye walezi, kisanduku chenye jina la mlezi wake, mhariri mzoefu aliyejitolea, pamoja na kitufe cha kumuuliza swali. Huduma hii ni kazi ya timu ya Growth ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilianza kuonekana 2019, na hailipishi mgeni wala mlezi. Mwenye akaunti ya zamani pia anaweza kuiwasha kwenye mapendekezo yake, yaani mipangilio ya akaunti.

Tathmini hii inaipima kwa jambo moja: kumlea mtu anayeanza uhariri wa lugha, yaani kusahihisha tahajia, sarufi, alama za uandishi na mtiririko bila kugusa maana. Kwa kazi hiyo tunaipa nyota tatu kati ya tano. Kumkutanisha mgeni na mlezi inaweza sana. Kumfundisha inamwachia mlezi peke yake, na foleni ya kazi inayompa mgeni wakati mwingine inamharibia hata kabla mlezi hajafika.

Tuanze na kizuri. Mlezi ana dashibodi yake, na humo wageni aliogawiwa wamepangwa mmoja kwa mstari: amehariri mara ngapi, ameuliza maswali mangapi, mahariri mangapi yametenguliwa (yaani kufutwa na mhariri mwingine), kama amewahi kufungiwa asihariri. Safu ya yaliyotenguliwa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Mgeni mwenye mahariri manane, matatu yakiwa yametenguliwa, yuko karibu kukata tamaa, na wa namna hiyo huwa haulizi. Mlezi ndiye wa kumwendea. Nyota iliyo kando ya jina hutumika kuwaweka pembeni wale wachache wanaorudi, kwa kuwa wengi kwenye orodha hawatahariri hata mara moja. Mlezi anaruhusiwa kupunguza au kuongeza idadi anayogawiwa, na kujiweka kuwa hayupo ili maswali yaende kwa mwingine. Haya yote yanafanya kazi bila fujo.

Swali la mgeni hutua kwenye ukurasa wa majadiliano wa mlezi, na hapo ndipo majibu mengi yanapopotelea. Mgeni hajui kwamba jibu liko huko. Njia ya uhakika ni kumwandikia kwenye ukurasa wake mwenyewe wa majadiliano, maana huo humpelekea taarifa kila unapoandikwa. Ukipenda kujibu kwako, mtaje kwa kiungo cha jina lake na utie sahihi ya mawimbi manne (~~~~) katika uhifadhi huohuo. Ukisahau sahihi, kisha ukarudi kuitia peke yake, taarifa haiendi, na mgeni atadhani amepuuzwa.

Sasa foleni. Huduma inapanga kazi kwa ugumu: kusahihisha lugha na kuongeza viungo ni rahisi, kusasisha na kutafuta marejeo ni kati, kupanua makala ni ngumu. Kuuita uhariri wa lugha rahisi ni kosa la kwanza. Kuongeza kiungo kunaweza kuletwa na programu yenyewe, neno baada ya neno, mgeni akajibu ndiyo au hapana. Uhariri wa lugha hauna msaada wa namna hiyo. Foleni yake hujazwa na vigezo vya matengenezo tu, yaani ilani zinazobandikwa juu ya makala: mtu aliwahi kubandika juu ya makala kigezo cha kusema lugha irekebishwe, basi makala inaingia. Kigezo hakisemi ni aya ipi. Pengine kilibandikwa miaka mingi nyuma, makosa yakasahihishwa, nacho kikabaki. Mgeni anafungua, anasoma, haoni kosa, lakini ameambiwa lipo. Anaanza kubadilisha sentensi zisizo na tatizo ili aonekane amefanya kazi: “pia” linakuwa “vilevile”, “alianza” linakuwa “aliweza kuanza”. Hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi kwa wanaoanza, na mzizi wake ni foleni kuliko mgeni.

Kuna pia vigezo vya makala zilizoandikwa kama tangazo. Baadhi ya Wikipedia huvihesabu kwenye foleni hiyohiyo, kwa sababu kila jumuiya hujichagulia vigezo vyake. Makala ya namna hiyo haitibiki kwa koma. Inahitaji kufutwa madai na kutafutiwa vyanzo, kazi isiyo ya wiki ya kwanza. Na kwenye Wikipedia ndogo ambako watu hawana mazoea ya kubandika vigezo, foleni inaweza kuwa tupu kabisa.

Kwa hiyo mlezi anayejua kazi huiacha foleni na kuchagua makala tano kwa mkono. Zinazofaa ni za maneno 300 hadi 800, zenye marejeo, zisizohusu mtu aliye hai, zisizo na ugomvi kwenye majadiliano, na ambazo historia yake haionyeshi mtu akizihariri wiki hii. Hilo la mwisho hupuuzwa mara nyingi: wawili wakihariri sehemu ileile kwa wakati mmoja, wa pili kuhifadhi anakutana na mgongano wa mahariri, na mgeni hapo anaweza kupoteza kazi ya nusu saa.

Makala zilizopitia tafsiri ya mashine ni mtego wa pekee kwa Kiswahili. Utazitambua kwa “ambayo” tatu katika sentensi moja na vitenzi visivyokubaliana na nomino zake. Baadhi zinarekebishika. Kipimo chetu ni hiki: kama mgeni anahitaji kufungua makala ya lugha nyingine ndipo aelewe sentensi inasema nini, huo si uhariri wa lugha tena, ni kutafsiri upya. Aiache.

Upatanisho wa ngeli ndio uwanja wenye mavuno mengi, na wenye hatari zake. “Vyama hizi zilianzishwa” haina mjadala: vyama hivi vilianzishwa. Lakini mgeni aliyepata ari akikutana na “kiboko anaishi”, ataona ki- na kuandika “kinaishi”, akisahau kwamba mnyama hufuata upatanisho wa viumbe hai hata jina lake likianza vipi. Ndege ni mbaya zaidi. Katika makala ya viumbe, ndege huyu hutaga mayai. Katika makala ya usafiri, ndege hii hubeba abiria. Anayetumia kipengele cha tafuta na ubadilishe kwa makala nzima, siku moja atatuletea ndege hii yenye mabawa mekundu inayotaga mayai mawili. Wiki za mwanzo kipengele hicho kipigwe marufuku kabisa.

Penye thamani kubwa ya mlezi, hata hivyo, ni pale sentensi inapokuwa nzuri zaidi na maana ikawa nyingine. “Jengo liliungua” na “jengo lilichomwa moto” si kitu kimoja. La pili linadai kuna aliyelichoma. “Aliacha kazi” na “aliachishwa kazi” zinatofautiana kwa silabi moja, na zinaweza kumchafulia mtu jina. “Inasemekana alizaliwa 1902” ina neno linaloonekana la kupoteza nafasi. Ukilifuta, umegeuza tetesi kuwa ukweli. Hali kadhalika “baadhi ya”, “takriban”, “kwa mujibu wa”. Zoezi linalofaa kuliko maelezo marefu: mpe mgeni sentensi kumi, sita zina makosa ya lugha na nne hazina ila zina maneno ya kupima kama hayo. Mwambie asahihishe. Akigusa mojawapo ya zile nne, mmepata somo la wiki. Huduma haina zoezi la aina hii. Paneli yake ya msaada ina vidokezo vya hatua kwa hatua, vifupi na vyenye adabu, lakini vinazungumzia tahajia na mtiririko kwa jumla.

Kuna sehemu ambazo kosa huachwa lilivyo. Nukuu ya moja kwa moja haisahihishwi. Kichwa cha kitabu au habari ndani ya marejeo hubaki kama kilivyochapishwa. Jina la faili la picha, hata likiwa na tahajia mbovu, ukilisahihisha picha inatoweka. Vivyo hivyo majina ya vigezo na vipengele vyake. Kwenye kiungo chenye mstari wima, kama [[Lugha za Kibantu|Kibantu]], msomaji huona upande wa kulia tu. Wa kushoto ni anwani, na herufi moja ikibadilika kiungo kinaweza kugeuka chekundu, yaani kikaelekea ukurasa usiokuwepo. Ndiyo maana tunapendekeza mgeni aanze na kihariri cha kuonekana, kinachoonyesha makala karibu kama msomaji anavyoiona, badala ya msimbo. Humo marejeo na vigezo hukaa kama vitu vilivyofungwa, ni vigumu kuvivunja kwa bahati mbaya. Kina kero yake: ukiandika kwenye ukingo wa kiungo, herufi mpya zinaweza kumezwa na kiungo.

Kila uhifadhi uwe sehemu moja ya makala. Si urasimu. Mlinzi wa mabadiliko ya karibuni, yaani mhariri anayekagua mahariri mapya, akikuta uhifadhi mmoja wenye marekebisho 30, na matatu ni mabaya, kazi rahisi kwake ni kutengua yote. Yakigawanywa kwa sehemu sita, anatengua moja, na mgeni anabaki na tano. Muhtasari wa hariri, yale maelezo mafupi yanayoandikwa wakati wa kuhifadhi, nao uwe na kitu: “sarufi” peke yake haimsaidii mtu, lakini “upatanisho wa ngeli na koma, sehemu ya Historia, maana haijaguswa” humtuliza anayekagua. Alama ya mabadiliko madogo ni ya tahajia na nafasi kati ya maneno. Aliyepanga upya sentensi asiitumie, hata kama hakuongeza neno. Wapo wakaguzi wanaochuja mabadiliko madogo wasiyaone, na ukiitumia vibaya utaonekana unajificha.

Mahariri yanayotoka kwenye kazi zinazopendekezwa hubeba lebo, na hili ni jambo la kupongezwa: mlezi anayachuja kwenye michango ya mgeni na kusoma tofauti za matoleo moja baada ya nyingine. Asome tofauti, si makala. Makala iliyokamilika huficha kilichobadilika. Aya nzima ikionekana imebadilishwa rangi mwanzo hadi mwisho kumbe makosa yalikuwa mawili, uliza kwa upole kama imepitishwa kwenye programu ya akili unde. Programu hizo hunyoosha lugha na kudondosha njiani yale maneno ya kupima tuliyoyataja, tena bila kuacha alama.

Maoni yasizidi mawili kwa kila mzunguko, na yaelekeze kwenye tofauti mahususi. Mlezi anayerudi nyuma ya mgeni dakika tano baadaye na kusahihisha kila kitu mwenyewe hafundishi. Mgeni huona tu jina la mkubwa juu ya kazi yake. Kama kosa halimdhuru mtu wala halipotoshi, lisubiri siku moja, mgeni alirekebishe. Akitenguliwa na mwingine, kanuni ni moja: asirudishe hariri yake, aende kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala aulize. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, kutengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24 kunaweza kumfungia mtu, na mgeni mwenye nia njema hafahamu kwamba “kurudisha tu” kunahesabiwa.

Kwa wanaohariri Kiingereza lipo jukwaa jingine, chama cha wahariri wa lugha kiitwacho Guild of Copy Editors. Kina ukurasa wa maombi, kampeni za mwezi mzima mara moja kila miezi miwili, na za wiki moja katikati yake. Ni shule nzuri kwa aliyekwisha kukomaa kidogo, kwani mwenye makala huwa amekwisha kuomba na atajibu maswali. Kwa mgeni wa wiki mbili tunasita. Kampeni huhesabu maneno na kutoa nishani za pongezi, na anayefukuzia hesabu ya maneno hupita juu ya “inasemekana” bila kulisoma.

Tungependa timu ya Growth irekebishe jambo dogo kuliko yote haya. Mgeni akimaliza makala ya kwenye foleni, hakuna kinachomkumbusha kuhusu kigezo kilichoileta. Anahifadhi, anapongezwa, anapewa makala nyingine. Kigezo kinabaki, na makala ileile inakwenda kwa mgeni mwingine, ambaye hataona kosa na ataanza kubadilisha “pia” kuwa “vilevile”. Mpaka hapo litakaposhughulikiwa, mlezi aifanye hiyo kuwa hatua ya mwisho ya kila makala: asome sehemu zote, kisha amwachie mgeni mwenyewe akitoe kigezo, na muhtasari useme kimetolewa kwa sababu gani.